Bundi, kasa au farasi mwenye mbawa: sarafu ipi ya kale ya fedha uanze nayo?

Mpwa wangu yuko Doha mwaka wa tatu sasa. Mwezi uliopita zilinifikia kwenye WhatsApp picha tatu kutoka kwake bila neno lolote, kisha ujumbe: "Shikamoo mjomba. Nina akiba kidogo, nataka sarafu moja ya kale, fedha tupu, yenye mnyama. Katika hizi nichukue ipi?" Ya kwanza ilikuwa bundi wa Athene. Ya pili, kasa wa Aegina. Ya tatu, farasi mwenye mbawa wa Korintho.

Nikamwitikia marahaba na kumwomba asilipe hata senti mpaka nimwandikie. Nilichomwandikia kilimchosha, alisema mwenyewe. Hapa nimekipunguza mahali na kukiongeza mahali, kwa ajili ya yeyote mwenye swali kama lake.

Hakukosea kuleta hao watatu pamoja. Wagiriki wenyewe waliziita sarafu hizi kwa majina ya wanyama wake: mtu alilipa kwa bundi, kwa kasa, au kwa "wanafarasi". Sisi hatuna mazoea hayo. Mkenya ana simba kwenye shilingi kumi tangu 2018, lakini sijasikia abiria akimwambia kondakta "shika simba wako". Wagiriki walisema hivyo kwa kuwa mnyama ndiye aliyetaja mji, na mji ndio uliodhamini uzito wa fedha. Asiyejua kusoma alimwona kasa akajua anashika nini.

Uzito nao ndio wa kuanzia ukilinganisha. Bundi mzima ana gramu 17.2 hivi, naye ni drakma nne, drakma ikiwa kipimo cha fedha cha Wagiriki. Kasa ana gramu 12.2, drakma mbili. Farasi ana gramu 8.6, drakma tatu. Hesabu hiyo inaonekana haikai sawa mpaka ujue kwamba kila mji ulikuwa na drakma yake: ya Athene gramu 4.3, ya Aegina karibu 6.1, ya Korintho chini kidogo ya 2.9. Sasa tazama tena. Farasi mmoja ni sawasawa na drakma mbili za Athene, kwa hiyo farasi wawili wanambadilisha bundi mmoja bila chenji. Kasa hakuingia kwenye hesabu ya hao wawili. Alikuwa na soko lake, Peloponnese, visiwa vya Cyclades na Krete. Mvunja fedha wa Piraeus, bandari ya Athene, alikuwa na kazi ya kutosha, kama wale waliokuwa wakikaa na meza zao Forodhani enzi za rupia na riale.

Bundi

Huyu ndiye kila mtu anayemtaka, na ndiye ninayemkataza anayeanza. Nitaeleza, lakini kwanza haki yake apewe.

Upande wa mbele kuna Athena, mungu wa kike wa mji ule, amevaa kofia ya vita. Uso umegeuka pembeni ila jicho limechongwa kama la mtu anayekukabili, umbo la lozi, la kizamani. Wachongaji wa Athene walijua kuchonga jicho vizuri zaidi. Sanamu zao za miaka ileile zinaonyesha. Lakini wafanyabiashara wa ng'ambo walikuwa wameizoea sura hiyo, na sarafu inayobadilika sura hutiliwa shaka. Nyuma amesimama bundi, kichwa amekugeuzia, macho makubwa. Juu kushoto pana kitawi cha mzeituni na mwezi mwandamo, kulia herufi tatu za Kigiriki, ΑΘΕ, maana yake "ya Waathene".

Fedha yenyewe ilichimbwa Laurion, kusini mwa Attika. Mwaka 483 KK, hivi, ulipatikana mkanda mnono wa fedha, na wananchi walikuwa tayari kugawana, kila mtu drakma kumi. Themistokles akawashawishi wajenge meli za kivita badala yake. Miaka mitatu baadaye meli hizo ziliwashinda Waajemi pale Salamis. Walioshuka mashimoni lakini hawakuwa wananchi hao. Walikuwa watumwa kwa maelfu, na tajiri mmoja, Nikias, alikodisha watumwa elfu moja kwa mtu wa migodi, akilipwa oboli moja kwa kila kichwa kwa siku. Oboli sita ni drakma moja. Piga hesabu mwenyewe bundi mmoja ni siku ngapi za mtu chini ya ardhi, na malipo yenyewe hakuyaona yeye.

Kuna kisa kimoja cha bundi nisichochoka kukisimulia. Athene iliposhindwa vita mwaka 404 KK, jemadari wa Sparta aliyeitwa Lysandros alituma magunia ya fedha nyumbani, mikononi mwa Gylippos. Huyu akafumua magunia chini, akachota, akayashona tena. Hakujua kwamba ndani ya kila gunia kulikuwa na karatasi ya hesabu. Wakubwa walipoona idadi haitimii wakashangaa, mihuri mbona mizima? Ndipo mtumishi wa Gylippos akatamka fumbo: chini ya vigae wamelala bundi wengi. Alizificha darini kwake. Plutarch ndiye aliyetuhifadhia kisa hiki, na kinaonyesha jinsi jina la utani lilivyokuwa limekolea hata Sparta.

Sasa kwa nini nakataza. Kwanza, bundi si adimu. Hazina ya muungano wa miji iliyoongozwa na Athene ilihamishwa kutoka Delos mwaka 454 KK, na kuanzia hapo Athene iligonga sarafu kwa wingi wa ajabu. Miaka ya karibuni zimemwagika nyingi zaidi minadani. Unalipia umaarufu. Bei ya bundi mwenye sura ya kuridhisha nimeiona ikicheza kati ya dola mia tano na elfu moja na nusu, na anayependeza kweli hupita hapo mbali. Pili, kwa sababu anapendwa ndiye anayeghushiwa kuliko wote. Tatu, muhuri wa kugongea ulikuwa mkubwa kuliko kipande cha fedha, hivyo sehemu ya juu ya kofia ya Athena mara nyingi imekatika. Wauzaji wanajua, na wanakutoza sana kwa kishungi kizima.

Na nne, dada yangu, mama wa kijana huyu, hataki bundi ndani ya nyumba. Athene bundi alikuwa ndege wa baraka. Kwetu akilia juu ya paa watu wanaanza kuhesabu wagonjwa. Nimemwambia mpwa wangu hili ni la kifamilia, mimi simo.

Ila kama moyo umemng'ang'ania bundi, basi tafuta mwenye kovu. Bundi wengi waliofika Misri na Shamu walikatwa kwa patasi ili kuona kama ndani ni fedha au shaba iliyopakwa fedha. Wakusanyaji wengi hawapendi kovu hilo na bei inashuka vizuri. Mimi nalipenda. Ni alama ya mkono wa mtu aliyekuwa na shaka kama yako, miaka 2,400 iliyopita, akaridhika. Athene kwenyewe kulikuwa na sheria ya jambo hili, ya mwaka 375/4 KK, iliyopendekezwa na Nikophon, na jiwe lake lilipatikana kwenye soko la kale la mji huo mwaka 1970. Mchunguzi wa sarafu, mtumwa wa serikali, alikaa sokoni kati ya meza za wavunja fedha. Sarafu nzuri aliirudisha na muuzaji alilazimika kuipokea. Yenye shaba au risasi ndani aliikata papo hapo na ikawa mali ya hekalu la Mama wa Miungu. Asipofanya kazi yake, viboko hamsini.

Ukiwa Ulaya na huna haja ya kumiliki, angalia mfukoni. Euro moja ya Ugiriki ina bundi yuleyule, na tawi lake la mzeituni.

Kasa

Kisiwa cha Aegina kiko karibu na Athene kiasi kwamba kinaonekana kutoka bandari ya Piraeus. Perikles alikiita tongo la jicho la Piraeus, yaani uchafu ule wa asubuhi unaostahili kufutwa kwa kidole. Chuki ya majirani hiyo. Watu wa Aegina walikuwa mabaharia na wachuuzi. Hawakuwa na migodi, fedha yao ilitoka kwingine, kisiwa cha Siphnos kikiwemo. Naukratis, mji wa Wagiriki huko Misri, walijenga hekalu lao wenyewe la Zeus, kando na Wagiriki wengine. Kuanzia katikati ya karne ya 6 KK hivi wakagonga sarafu yao, mojawapo ya za mwanzo kabisa katika Ugiriki yenyewe. Wa kwanza kabisa walikuwa Walydia, ng'ambo katika Uturuki ya leo.

Picha walimweka kasa. Mtu wa Mafia au Watamu hahitaji kuelezwa kasa ni nini: mgongo laini ulioinuka, mapezi manne yaliyotandazwa, kichwa hakiingii ndani. Kwenye sarafu za mwanzo mstari wa nukta unapita mgongoni kama shanga. Upande wa nyuma hakuna picha, kuna shimo la mraba lililogawanywa vipande, alama ya chuma kilichoisukuma fedha ndani ya muhuri wa chini. Ndivyo ilivyogongwa: muhuri wenye kasa umekaa kwenye fuawe, donge la fedha ya moto juu yake, chuma, nyundo.

Baadaye, katikati ya karne ya 5 KK, kasa akaondoka na mahali pake akaja kobe. Kobe kweli, wa nchi kavu, miguu yenye kucha, gamba lenye vigae. Orodha za minada ya Ulaya huchanganya majina ya hawa wawili mara kwa mara. Lugha yetu imetuepusha na shida hiyo, kwa hiyo Mswahili hana udhuru wa kununua kobe akidhani kanunua kasa. Watu hupenda kusema kobe alikuja baada ya Athene kuishinda Aegina, mwaka 457 au 456 KK, ikachukua meli zao na kuwatoza talanta thelathini kila mwaka: baharini wamefukuzwa, basi na mnyama wao akapanda nchi kavu. Maelezo matamu, hayana uthibitisho. Ninachojua ni kwamba mwaka 431 KK Waathene waliwahamisha kabisa watu wa kisiwa hicho, na walibaki uhamishoni hadi Sparta iliposhinda.

Kwa anayetaka sarafu moja tu maishani, kasa ndiye jibu langu. Mshike uone. Bundi ni kipande kipana kiasi, ukikiona kwenye picha umekwisha kukiona. Kasa ni donge, nene kama haragwe kubwa, halilali vizuri mezani, na kidole gumba kinamsoma mnyama hata gizani. Hata akiwa amelika, bado ni kasa. Bundi aliyelika anakuwa vumbi la bundi.

Bei? Aliyechakaa lakini anatambulika nimemwona chini ya bundi wa kawaida. Mwenye mgongo safi na mapezi yote manne anampita. Kobe, kwa kuwa ni wachache zaidi sokoni na wana maelezo mengi ya gamba, mara nyingi ni ghali kuliko kasa. Kigezo kimoja cha kutazama: kasa akigongwa kando ya kitovu hupoteza kichwa au pezi, na hapo bei lazima ishuke. Usikubali kuambiwa ndivyo wote walivyo.

Kwa kumuuza tena, ukweli usemwe, bundi anamshinda. Bundi ana mnunuzi kila wiki, kasa anaweza kusubiri.

Farasi

Farasi wa Korintho ni Pegasos, aliyekamatwa, kwa simulizi, kwenye chemchemi ya Peirene ndani ya mji huo, baada ya Athena kumpa shujaa Bellerophon hatamu. Wasomaji wa nyaraka za Paulo wanaujua mji. Sarafu hizi zilikuwa zimekwisha kuwa za kale wakati Paulo anafika huko. Upande wa pili ni Athena tena, kofia yake imesukumwa nyuma ya paji.

Tazama chini ya tumbo la farasi. Pana herufi Ϙ, kopa, duara lenye mkia. Wagiriki wengine waliiacha, Wakorintho wakaing'ang'ania kwa kuwa jina la mji wao zamani lilianza nayo. Hiyo ndiyo inayokuhakikishia kwamba farasi wako ni wa Korintho, maana miji iliyoanzishwa na Wakorintho iligonga farasi huyohuyo na kubadili herufi tu: Λ kwa Leukas, Α kwa Ambrakia. Nyuma ya kichwa cha Athena huwa pana alama ndogo, pomboo, au taji la maua, au kichwa cha mnyama. Alama hizo ni nyingi, na wapo wanaotumia umri wao wote kuzikusanya.

Kwa uzuri wa mchoro farasi anawashinda wenzake wote wawili. Kwa bei, yuko chini: mia mbili na hamsini za dola hadi mia tisa kwa wa karne ya 4 KK aliye katika hali njema, nilivyoona. Walisafirishwa kwa wingi kwenda Sisilia, hasa baada ya Timoleon kupelekwa huko mwaka 344 KK, na huko ndiko vinakopatikana vyungu walimofichwa. Kwa hiyo kama kigezo ni kupata picha nzuri kwa hela ndogo zaidi katika hao watatu, mchukue farasi na usisome zaidi.

Mimi naona amekamilika mno. Hana donge la kasa wala kovu la bundi. Lakini hayo ni mapenzi yangu.

Na ambaye hana mia mbili?

Swali hili ndilo nililotarajia aulize, hakuuliza, Doha imemlipa. Wengi wetu tunalo.

Kuna simba mdogo wa Kherronesos, rasi ya Gallipoli ya leo. Gramu 2.3 au 2.4, upana wa kifungo cha shati, karne ya 4 KK. Mbele ni nusu simba, mguu mbele, kichwa kimegeuka nyuma kwa ghafla kama aliyesikia kitu. Nyuma pana mraba wa vyumba vinne, viwili vimezama, na ndani yake nukta na alama ndogo inayobadilika: nyuki, kishada cha zabibu, kaa. Ni wengi sana na bei ni dola hamsini hadi mia na hamsini. Kwa udogo wake hakuna mnyama mwenye nguvu kama huyu. Tahadhari yake ni moja: sarafu ndogo za pande hizo zimeghushiwa kwa ustadi. Mwaka 1988 zilijitokeza sarafu ndogo nyingi za Mesembria na Apollonia, miji ya pwani ya Bahari Nyeusi, wataalamu wakavutana, na hatimaye zikahukumiwa kuwa za kisasa.

Halafu kuna zile za India, na hapa naomba msomaji wa pwani akae vizuri.

Wakati bundi wanagongwa Athene, upande wetu wa Bahari ya Hindi watu walikuwa na njia nyingine kabisa. Bamba la fedha lilikatwa vipande, pembe zikapunguzwa hadi uzito ukae sawa, gramu 3.4 hivi, kisha zikapigwa alama moja moja kwa mihuri midogo. Zile za Magadha na za wafalme wa Maurya huwa na alama tano: jua karibu kila mara, alama yenye mikono sita, kisha tembo, fahali, mti ndani ya uzio, kilima chenye mwezi juu, hata sungura. Hakuna uso wa mfalme, hakuna jina, hakuna herufi. Upande wa nyuma mara nyingi pana vialama vya ziada vya waliozikagua zikiwa njiani. Serikali ilikuwa na mkaguzi wake wa sarafu, na cheo chake kilitokana na neno rupa, umbo au alama. Kwenye Kisanskriti rupya ni fedha iliyopigwa alama. Neno hilo ndilo lililopita karne na karne likatufikia kama rupia, ambayo babu zetu walilipwa mishahara Mombasa na Tanga hadi Waingereza walipoiondoa baada ya vita vya kwanza, na Unguja hadi 1936.

Sarafu hizi unazipata kwa dola kumi na tano, ishirini, arobaini. Umri wake unakaribiana na wa bundi. Sielewi kwa nini watu wa kwetu wanaruka hadi Ugiriki bila kuzitazama. Labda kwa kuwa hazipigiki picha vizuri: alama zinapandana, moja iko nusu ukingoni, inabidi uigeuze geuze kwenye mwanga kama unatafuta sindano. Kwangu hiyo ndiyo raha yake. Kuna kikwazo kimoja, sheria ya India ya mwaka 1972 inakataza kuvitoa nje vitu vya umri huu, kwa hiyo nunua iliyokwisha kuwa nje siku nyingi na yenye maandishi ya kuonyesha hivyo.

Wapo watakaokwambia uchukue fedha ya Aleksanda Mkuu, Herakles na ngozi ya simba kichwani, Zeus na tai wake. Ni nzuri, ina uzito wa bundi, na kwa kawaida ni rahisi kuliko bundi. Lakini mpwa wangu alitaka mnyama, si ngozi yake.

Bundi wa Yemen

Huyu simwuzii mtu, namtaja kwa kuwa ndiye ninayempenda. Wafalme wa Kusini mwa Arabia, Saba na Qataban, kisha Himyar, walipotaka sarafu zao walimwiga bundi wa Athene. Mwanzoni waliiga kila kitu, hata zile herufi ΑΘΕ, wakiongeza alama zao wenyewe. Baadaye, Athene ilipomweka bundi wake juu ya mtungi, nao wakamweka juu ya mtungi.

Na katika karne ya 1 BK mwongozo wa mabaharia wa Bahari ya Hindi, ulioandikwa kwa Kigiriki, unasema pwani ya Azania, yaani pwani yetu, hadi soko la Rhapta ilikuwa chini ya chifu wa Mapharitis, huko Yemen, na watu wa Muza, bandari ya Yemen, ndio waliotuma manahodha wa Kiarabu wanaoijua pwani, wanaooa huku na wanaosema lugha ya huku. Mfalme aliyetajwa juu ya wote ni wa Himyar na Saba, wenye bundi hao. Sisemi bundi walilipwa Rhapta. Nasema aliyetutawala kwa mbali alikuwa na bundi mfukoni.

Lakini Yemen imo vitani na mali yake ya kale inaporwa. Sarafu ya Kusini mwa Arabia isiyo na historia ya umiliki ya kabla ya vita hivyo usiiguse. Atazamwe makumbusho, British Museum wanazo.

Mizani kabla ya mapenzi

Nilipoanza niliuziwa kasa na duka moja la mtandaoni, kasa mzuri ajabu, gramu 12.2 kamili. Miezi sita baadaye nikamwona pacha wake mnadani: pezi lilelile lililovunjika, mkwaruzo uleule begani. Sarafu mbili za kale zinaweza kutoka muhuri mmoja, haziwezi kuumia mahali pamoja. Zote mbili zilisubiwa kwenye kalibu moja. Duka halikujibu barua.

Tangu hapo nafanya hivi. Nanunua mizani ya sonara inayosoma sehemu ya mia ya gramu, bei yake ni ya chakula cha mchana. Nampima mnyama. Kisha naweka glasi ya maji juu ya mizani, narudisha sifuri, namfunga uzi na kumning'iniza ndani ya maji asiguse chini. Kinachosomeka ni uzito wa maji aliyoyasukuma. Gawa wa kwanza kwa wa pili. Bundi wa gramu 17.2 atasoma karibu 1.64 majini, na jibu ni 10.5, fedha. Kasa mwenye shaba tumboni atasoma 1.3 na ushee, na jibu litaangukia kwenye tisa. Kwa simba mdogo kipimo hiki hakiaminiki sana, maji yanayosukumwa ni kidogo mno.

Kipimo hicho kinakamata shaba, hakimkamati mwongo mwenye fedha halisi. Huyo mkamate kwa lenzi: ukingo wenye mshono, vitundu vidogo vya mviringo, mistari iliyolegea kama sabuni iliyotumika. Na tafuta pacha kwenye kumbukumbu za minada, ambazo siku hizi ziko wazi.

Karatasi ni nusu ya sarafu. Ankara yenye jina la muuzaji, na kama ipo, kumbukumbu ya mnada wa zamani. Walio Marekani wakumbuke kwamba forodha huko inazuia sarafu za kale za Italia na Ugiriki tangu 2011, Bulgaria tangu 2014 na Uturuki tangu 2021 zisizo na ushahidi kuwa zilikuwa nje mapema. Na kwa walio nyumbani: ukiokota sarafu kwenye magofu ya Kilwa au Pemba, hiyo haiuzwi. Zile sarafu za fedha zaidi ya 2,000 za Mtambwe Mkuu, mwaka 1984, zilitufundisha mengi kwa sababu zilipatikana zote mahali pamoja na kuhesabiwa. Zingetawanywa madukani zisingesema lolote.

Mpwa wangu amechukua kasa. Gramu 12.08, pezi la nyuma limelika, majini amesoma 1.15, ankara inataja mnada wa zamani. Ameuliza kama nitamtafutia farasi mwakani. Bundi hakumtaja tena. Nadhani alimpigia simu mama yake.